Chama cha Urithi wa Mji Mdogo wa Pwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wa miji midogo ya pwani ya Tanzania wanaotaka kuunda chama cha historia, au wanacho tayari na kimekwama. Mifano mingi ni ya Pangani, maana mji ule una karibu kila kitu kwa pamoja: nyumba za mawe, milango ya nakshi, boma, makaburi, hati za maandishi ya Kiarabu na wazee wanaokumbuka enzi za mkonge. Aliye Mikindani, Kilwa Kivinje au Bagamoyo atajua mwenyewe pa kubadilisha.

Chama cha urithi kazi yake hasa ni ipi?

Kuandika na kutunza kumbukumbu. Vikundi vingi huanza kwa kutafuta jengo la makumbusho, na vingi hufia hapo. Jengo lina paa linalovuja, lina LUKU (umeme wa kulipia kabla), lina mlinzi anayetaka mshahara mwisho wa mwezi. Daftari, simu yenye kamera nzuri na diski mbili za kuhifadhia havidai mshahara. Nyumba ikianguka leo bila kupigwa picha wala kupimwa, hakuna makumbusho yatakayoirudisha. Mzee akizikwa na majina ya mitaa kichwani, ndiyo basi.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: orodha kwanza, rekodi za wazee pamoja na nakala za hati zifuate, ukarabati mdogo baada ya hapo. Chumba cha maonyesho kije mwisho kabisa, na kisipokuja pia si msiba.

Tuanze watu wangapi, na tujisajili wapi?

Watano wenye kazi zinazoeleweka wanashinda arobaini wa kupiga makofi. Mtahitaji mwandishi mwenye mwandiko unaosomeka, mtu wa picha na kompyuta, mwalimu anayesoma maandishi ya Kiarabu, fundi mwashi aliyewahi kushika chokaa, na mhazini. Hakikisheni kuna wanawake miongoni mwa hao watano. Nusu ya kumbukumbu za mji zimo ndani ya nyumba ambamo mwanamume mgeni haingii.

Njia nyepesi ni kuanza kama kikundi cha kijamii kupitia afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Mkikua, mnaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, au chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Kote huko mtaombwa katiba na muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na sahihi. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi wawili wasio wa nyumba moja.

Mji wetu hauna historia kubwa. Tutaandika nini?

Kila mji unayo historia yake kubwa, ila kwa kawaida imeandikwa na wageni. Chukua Pangani. Vitabu vinaeleza kwamba Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alikubali kampuni ya Wajerumani isimamie mwambao, na Agosti mwaka huohuo watu wa Pangani wakaipinga bendera ya kampuni ilipopandishwa mjini. Vinaeleza kwamba Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita vile, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hayo mnayapata maktaba yoyote nzuri.

Yasiyopatikana maktaba ni kisima gani kilinywesha misafara, nyumba ipi ilikuwa ghala la pembe za ndovu na ipi la sukari, kwa nini mtaa unaitwa unavyoitwa, nani aliimiliki jahazi fulani, timu gani ya mpira ilianzia wapi, sinema ilioneshwa ukuta gani, kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kilikuwaje kabla ya pantoni. Hiyo ndiyo sehemu yenu. Mwanahistoria wa chuo kikuu hawezi kuifanya vizuri kuliko nyinyi, na wala hatajaribu.

Orodha ya majengo inafanywaje?

Mtaa kwa mtaa, asubuhi, watu wawili wawili. Mmoja anapiga picha, mwingine anaandika na kuzungumza na wenyeji. Nyumba nane hadi kumi kwa asubuhi moja zinatosha. Mkizidisha, mtaandika uongo kwa uchovu.

Kila nyumba ipewe namba isiyobadilika, kwa mfano PNG-014. Msitumie namba za posta wala majina ya wenye nyumba kama kitambulisho, maana vyote hubadilika. Chini ya namba hiyo andikeni: mahali (ramani ya simu itawapa latitudo na longitudo), idadi ya ghorofa, ukuta ni wa mawe na chokaa au wa miti na udongo, paa la aina gani, hali ya ukuta, nani anaishi, na majina yote ambayo watu huiita nyumba hiyo. Yote, hata yanayopingana. Nyumba moja yaweza kuitwa ya Mhindi fulani na wazee, ya Ushirika na vijana, na ya kahawa na wapita njia. Majina hayo matatu ni zama tatu za nyumba hiyo.

Picha zisipungue sita: mbele ukiwa umesimama wima katikati, pembe zote mbili, mlango mzima, nakshi ya mlango kwa karibu, na mahali palipoharibika zaidi. Wekeni rula au fimbo ya mita moja ndani ya picha ya mlango. Kwenye mlango taja sehemu kwa majina yake: kizingiti cha juu, miimo (nguzo za pembeni), mfaa wa katikati (ubao wima ambapo mabawa hukutana), mbao za ubawa (sehemu inayofunguka), na kama kuna maandishi au mwaka uliochongwa. Bila majina hayo mtu wa baadaye hataelewa mnaposema "sehemu ya kati imeibwa".

Sheria inalinda nini?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Sura ya 333, inalinda majengo, makaburi na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Wengi hawajui kwamba inalinda pia milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940. Kuchimba bila leseni ni kosa, na kutoa vitu hivyo nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Mkiona pengo hapo mmeona sawa. Boma la Mikindani lililojengwa 1895, au duka la Kihindi la miaka ya 1920, halilindwi moja kwa moja na tarehe ya 1863. Lazima litangazwe kwa amri. Ndiyo maana orodha yenu ina thamani serikalini: mkipeleka ombi lenye namba, picha, vipimo na historia ya nyumba, afisa utamaduni ana kitu cha kupeleka mbele. Mkipeleka malalamiko matupu, yanabaki kwenye faili.

Kwa walio Kenya, sheria inayohusika ni ile ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, na tarehe na taratibu zake ni tofauti. Msinakili vifungu vyetu.

Kwa nini tusitumie saruji kwenye kuta za zamani?

Kwa sababu saruji imeangusha kuta nyingi kuliko mvua. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, mara nyingi na udongo mwekundu ndani yake. Unanyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa hewa, kila siku, miaka mia. Ukiupiga lipu ya saruji, unauziba pumzi. Maji yanapanda bado, lakini hayatoki. Yanafika juu zaidi, yanalowesha ncha za boriti, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Miaka michache baadaye lipu inadondoka kwa mabamba, nayo inaondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba anaona ukuta umeharibika, anaongeza saruji. Mzunguko huo mnaujua.

Kupima kama ukuta una maji: bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba pembe zote kwa utepe, iache usiku kucha. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa tu. Kabla ya kugusa lipu yoyote, tazama kwanza mabomba ya maji ya paa, mfereji wa barabarani na udongo uliorundikana nje ya ukuta. Mara nyingi barabara imeinuliwa kuliko sakafu ya nyumba, na hapo chokaa peke yake haitasaidia.

Chokaa inachanganywaje, na kiasi gani?

Uwiano wa kawaida wa lipu ni chokaa laini moja kwa mchanga tatu, kwa ujazo. Chokaa iwe kama siagi, si unga.

Mkipata chokaa mbichi iliyotoka tanurini, izimeni kwa kutia chokaa kwenye maji. Kamwe msimimine maji juu ya chokaa ndani ya pipa. Inachemka kwa nguvu na kuruka, na tone moja likiingia jichoni linaweza kulipofusha. Miwani, glavu, na ndoo ya maji safi karibu. Ikishatulia, ifunikwe na maji ya kina cha sentimita tano na ikae angalau wiki tatu. Ikikaa miezi mitatu ni bora zaidi. Chokaa ya mfuko ya dukani inaweza kutumika ikiwa ni chokaa ya kweli na haijazeeka. Ilowekeni siku moja au zaidi iwe laini. Angalieni mfuko: unga mweupe wa kuchorea viwanja mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu, haugandi.

Mchanga ndio unaoharibu kazi nyingi. Mchanga wa pwani una chumvi. Pangani watu hudhani mchanga wa mtoni ni salama, lakini maji ya bahari hupanda mto mbali sana wakati wa bamvua (maji makuu), kwa hiyo chukueni mchanga juu zaidi ya hapo, au wa shimo, au uosheni mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi. Kujua kama una udongo mwingi, jazeni chupa theluthi moja mchanga, ongezeni maji, tikiseni, acheni saa chache. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, tafuteni mwingine.

Hesabu ya vifaa. Ukuta wa mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba. Makoti mawili, yaani tabaka mbili za lipu, ya milimita 12 kila moja ni lita 288. Ongeza asilimia 15 ya kupotea, unapata kama lita 330. Chokaa hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga, hivyo unahitaji karibu ndoo 17 za lita 20 za mchanga na ndoo 6 za chokaa. Ukuta wenye mashimo makubwa utakula zaidi. Mashimo yajazwe kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa, yasijazwe kwa lipu tupu.

Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi kabla ya kupiga. Koti lisizidi milimita 15. Funika kwa magunia mabichi na uyanyunyizie maji kwa siku saba angalau. Chokaa haikauki kama saruji. Inaganda polepole kwa kuvuta hewa, na jua likiikausha haraka inabaki unga unaofutika kwa kidole. Fundi aliyezoea saruji atakwambia kazi imeharibika kwa sababu siku ya pili bado ni laini. Mwambie asubiri.

Na boriti?

Ncha zilizofichwa ndani ya ukuta huoza kwanza, huku katikati pakionekana pazuri. Chomeni kwa bisibisi karibu na ukuta. Ikizama kirahisi, wekeni nguzo chini ya boriti siku hiyohiyo, halafu ndipo mjadili. Vyumba vya zamani ni vyembamba, chini ya mita tatu hivi, kwa sababu mikoko haitoi boriti ndefu za kubeba paa zito la chokaa. Msibomoe ukuta wa kati ili "kupanua sebule". Mikoko nayo ni hifadhi: kukata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mawe ya matumbawe msiyavunje baharini. Yakusanyeni kwenye nyumba zilizokwisha kuanguka.

Mwarobaini au mkuyu umeota ukutani. Tuung'oe?

Msiung'oe. Mizizi ndiyo sasa inayoshika mawe. Kateni shina, toboeni kisiki na kukiua kwa dawa ya miti, subirini kife kabisa, ndipo mtoe kidogo kidogo huku mkijaza chokaa. Kung'oa kwa kamba na gari huondoka na mita ya ukuta.

Karatasi za zamani tunazitunzaje katika unyevu huu?

Pwani unyevu wa hewa hukaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu hupenda kuanzia 65 hivi. Hamtaushinda kwa kiyoyozi kinachozimwa usiku. Kuwasha na kuzima ni kubaya kuliko kuacha. Hewa inayopita ndiyo dawa ya maskini. Rafu ziwe za chuma, sentimita 15 juu ya sakafu na sentimita 10 kutoka ukutani, kamwe zisiwe kwenye ukuta wa nje. Makabati yafunguliwe asubuhi ya siku kavu.

Toeni pini za stepla na klipu zilizoshika kutu. Msitumie selotepu, msitie hati kwenye plastiki ya moto (laminesheni). Hati iliyofunikwa kwa plastiki ile haitoki tena. Andikeni namba kwa penseli nyuma, pembeni, si kwa kalamu ya wino.

Wadudu wakiingia kwenye kitabu, kifungeni ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kukiweka kwenye friza ya nyumbani wiki mbili. Kikitoka, kisifunguliwe hadi kirudi joto la chumba, kama siku nzima, la sivyo maji ya hewa yatageuka matone juu yake. Mchwa ni suala la jengo, si la kitabu: fuateni kichuguu.

Karatasi zikilowa mafuriko, mna saa 48 kabla ya ukungu. Zitandazeni juu ya taulo au karatasi za magazeti zisizochapwa kivulini, badilisheni magazeti kila zinapolowa. Zikiwa nyingi kuliko mikono, zitieni kwenye friza na kuzishughulikia kumi kumi. Picha zilizoshikana msizivute. Zilowekeni kwenye maji safi baridi hadi ziachane zenyewe.

Tumeletewa sanduku la karatasi za Kiarabu. Wanasema ni za dini.

Labda. Mara nyingi mchanganyiko: juzuu, tiba, barua za biashara, hati za kuuza shamba la minazi, wakfu za msikiti, madeni, nasaba. Watu huzizika au kuzichoma kwa heshima wakidhani zote ni Qurani, na hapo historia ya umiliki wa nusu ya mji inaondoka. Kabla ya chochote, pigeni picha kila ukurasa kwa mfuatano ulivyokuwa, pamoja na kurasa tupu.

Halafu mtafuteni mwalimu wa madrasa mwenye uzoefu wa hati za mkono. Asisome peke yake, akae na mzee anayejua watu wa mji, kwa sababu nyingi ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Waandishi wa zamani walitumia herufi moja kwa b na p, fa kwa f na v, na ghaini kwa g na gh. I na e huandikwa kwa alama moja, u na o vivyo hivyo. Mwalimu peke yake atasoma neno lisilo na maana, mzee atacheka na kulitaja.

Hati ina mwaka wa Hijria. Tunabadilishaje?

Zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1306 ni 1306 × 0.97 = 1266.8, ukiongeza 622 unapata 1888.8, yaani ulianza Septemba 1888. Kwa kuwa mwaka wa Hijria huvuka miaka miwili ya Kizungu, andikeni "1888/89" hadi mpate mwezi.

Miezi katika barua za Waswahili mara nyingi imehesabiwa kwa mifungo kuanzia Shawwali: mfungo mosi, mfungo pili, hadi mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Mfungo sita ndio mwezi wa Maulidi. Tena siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" wa mzee ni Alhamisi jioni ya kalenda ya ukutani. Kosa hili limesogeza arusi na vifo vingi siku nzima.

Fedha nazo hutaja zama. Hati ya upande wa Wajerumani inayogawa rupia kwa pesa 64 ni ya kabla ya 1904. Inayogawa rupia kwa hela 100 ni ya baada yake, na neno hela tunalolitumia leo limetoka huko. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Hati inayodai kuandikwa 1890 na kutaja shilingi ni nakala ya baadaye, au ni ya mtu anayetafuta shamba.

Picha na sauti tuzihifadhi vipi?

Skana hati kwa dpi 300 (nukta kwa inchi), picha kwa dpi 600. Nakala kuu iwe TIFF (faili kubwa la picha) isiyoguswa, na JPEG (faili dogo lililobanwa) ya kugawa. Hamna skana? Simu inatosha: karatasi mezani karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, simu sambamba kabisa na karatasi, fleshi imezimwa, rula pembeni.

Msipokezane picha za kazi kwa WhatsApp kama picha. Inazibana na kufuta taarifa za tarehe na mahali. Tumeni kama hati, au kwa waya. Nakala ziwe tatu: mbili kwenye diski tofauti, ya tatu nje ya mji, kwa sababu moto na mafuriko hayachagui kabati. Kila mwaka fungueni mafaili kumi kwa kubahatisha. Diski ikifika miaka mitano, hamieni mpya.

Mahojiano na wazee yaende vipi?

Dakika 60 hadi 90, yasipite swala, na yasifanyike barazani penye watu kumi, maana mzee ataongea yanayokubalika na baraza. Zimeni feni, ondoeni jogoo, wekeni kinasa sauti juu ya kitambaa. Anzeni kwa shikamoo na kuomba ridhaa iliyorekodiwa: jina, tarehe, nani aruhusiwe kusikiliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka hivyo, na adabu ilitaka kabla yake.

Msiulize "historia ya mji ni ipi?" Mtapewa hotuba. Ulizeni "asubuhi ya siku ya kazi mlikuwa mnafanya nini tangu kuamka?", "nyumba hii ilipakwa rangi gani ulipoolewa?", "nani alikuwa anapiga zumari?". Saa moja ya sauti huhitaji saa tano hadi nane kuandikwa yote. Wenye muda mchache waandike angalau yanayozungumzwa kila baada ya dakika tano.

Habari za utumwa tuziweke wazi?

Rekodini, lakini msitangaze asili ya mtu. Utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, kwa hiyo mjukuu wa aliyeachwa huru anaweza kuwa jirani yako sasa, na mjukuu wa bwana wake anakaa mtaa wa pili. Familia nyingi zina ukoo uliochaguliwa baadaye, na ni haki yao. Sehemu hiyo ya sauti ifungwe kwa miaka mnayokubaliana na msimuliaji, jina lisionekane kwenye orodha ya wazi. Mahali palipokuwa na soko au mashamba ya sukari ya wamiliki wa watumwa yaandikwe bila kificho. Majina ya watu, hapana.

Makaburi ya zamani tunayasafishaje?

Kwa mkono na brashi laini kavu. Msitumie brashi ya waya, asidi, wala chaki ya kujazia maandishi. Kusoma maandishi yaliyofifia, chukueni kioo na kuelekeza jua lije kwa pembeni. Herufi zinasimama zenyewe na hamjagusa jiwe. Tongoni, kati ya Tanga na Pangani, ina makaburi ya nguzo yanayofahamika duniani. Mashimo matupu kwenye nguzo za namna ile ni mahali palipong'olewa mabakuli ya kigeni. Kwenu mkiona kipande kimechomoza, kipigeni picha na rula, mkiache, mtoe taarifa. Na kabla ya yote, ulizeni ndugu wa marehemu au imamu.

Watu wanatuletea vitu. Tuvipokee?

Kwa tahadhari. Nakala ya picha ni bora kuliko picha yenyewe. Mnapiga, mnamrudishia bibi albamu yake siku hiyohiyo. Kitu halisi kipokewe kwa fomu inayosema ni zawadi au ni azima. Azima isiyo na mwisho ni mtego: mwaka mmoja, kisha mkataba upya. Daftari la kupokelea liwe la jalada gumu, namba kwa mwaka na mfuatano, 2025.1, 2025.2, na lebo ifungwe kwa uzi wa pamba, isigundishwe. Mtu akija na vigae, shanga au sarafu kutoka kwenye magofu, msipokee. Mkipokea mnamfundisha aende tena.

Nyaraka za zama za Wajerumani na Waingereza zipo wapi?

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya Kijerumani yaliyobaki na ya Waingereza, pamoja na Vitabu vya Wilaya ambavyo maofisa waliandika habari za koo, machifu na masoko. Zanzibar kuna nyaraka zake. Mafaili ya wizara ya makoloni yapo Bundesarchiv, Berlin, fungu R 1001, na mengi yanasomeka mtandaoni. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa Tanga kuanzia 1904, lilitoa habari za miji ya pwani kwa Kiswahili. Mambo Leo lilianza 1923. Andaeni tahajia zote za jina la mji na kipindi mnachokitaka kabla ya safari. Siku moja ya maktaba bila orodha huishia kwenye faili la ushuru wa mbwa.

Mtu anataka kununua mlango wa nakshi. Anatoa pesa nzuri.

Mwelezeni mwenye nyumba tarehe ya 1940 na kibali. Kisha mpigieni picha mlango ukiwa bado umesimama, pamoja na vipimo vyake hadi milimita. Mlango uliopimwa na kuchapishwa ni mgumu kuuzika kwa siri. Mara nyingi mwenye nyumba hauzi kwa kuchukia mlango, anauza kwa sababu paa linavuja. Msaidieni paa.

Chama kikifa, vitu vinakwenda wapi?

Lijibuni swali hili ndani ya katiba, kabla hamjapokea kitu cha kwanza. Andikeni jina la taasisi itakayopokea daftari na diski, mkaiombe barua ya kukubali. Zawadi za watu zirudi kwa familia kama fomu inavyosema, la sivyo ziende kwa mpokeaji huyo. Nakala ya tatu iliyo nje ya mji iwe na neno la siri linalojulikana na watu wawili, mmoja wao asiwe mwenyekiti.